Feni ya kutoa hewa katika chumba cha kulimia: kwa nini joto haliondoki?

Swali: "Nina chumba cha ndani chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.5, ambacho nimekifanya shamba dogo la saladi, mrehani na miche ya pilipili. Nimefunga taa 4 za LED, kila moja ikiwa na wati 240, nazo huwaka saa 14 mchana. Hunywesha mimea takriban lita 6 kwa siku. Nilisoma kwamba hewa ya chumba ibadilishwe mara moja kila dakika 3 au pungufu, nikanunua feni ya milimita 150 iliyoandikwa mita 500 za ujazo kwa saa. Mabomba niliyokuwa nayo ni yale ya alumini yanayokunjika, ya milimita 100, kwa hiyo niliweka kiungio cha kupunguza kipenyo, nikavuta mita 7 zenye kona 4 na kuishia juu ya dari, kwa sababu niliogopa kutoboa ukuta wa nje. Mlango nimeuziba kwa sponji, umebaki mwanya wa sentimita 1 tu chini yake. Taa zikiwaka, chumba kinafika nyuzi 35 wakati korido iko nyuzi 25. Feni huzimika pamoja na taa. Alfajiri, korido ikiwa nyuzi 19, nakuta matone ukutani, na sasa majani ya saladi yameanza kuota ukungu wa kijivu. Nilifunga mfuko wa takataka wa lita 100 mwishoni mwa bomba, ukajaa kwa sekunde 2 hivi. Muuzaji ananishauri niongeze feni ya pili au ninunue yenye nguvu maradufu. Nifanye nini?"

Jibu: Nakushukuru kwa swali lililokuja na vipimo, hasa hicho cha mfuko, kwa sababu wengi hunieleza chapa ya feni yao na rangi yake, lakini hawajui hata kwa kukadiria ni hewa kiasi gani inayotoka. Wasiwasi wako nauelewa hivi: umenunua kifaa ambacho kwa hesabu ya karatasi kilitosha, chumba kinachemka mchana na kulowa usiku, na sasa unaambiwa utoe fedha nyingine. Ushauri wangu ni kwamba usinunue feni yoyote kwa sasa. Feni uliyonayo ni nzuri, ila umeifungia ndani ya chumba kisicho na pa kuvutia hewa, kisha ukaipa bomba jembamba la kutolea. Vilevile sehemu ya tatizo lako haiwezi kutatuliwa na feni ya aina yoyote, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujatoboa ukuta.

Feni ya kutoa hewa haipoozi. Inachofanya ni kuitoa hewa iliyokwisha kupata joto na kuiachia nafasi hewa ya mahali pengine, na kwa hiyo chumba chako hakiwezi kamwe kuwa na joto la chini kuliko hewa inayoingia. Korido ikiwa nyuzi 25, hata ungefunga feni ya kiwandani, chumba kingekaribia nyuzi 25 bila kuzifikia. Swali la kujiuliza, basi, ni hili: uko tayari kuvumilia chumba kiwe na nyuzi ngapi juu ya hewa inayoingia?

Hapo ndipo ile kanuni ya kubadilisha hewa kila dakika 3 inapopotosha. Chumba chako kina mita 18 za ujazo, na kwa kanuni hiyo unahitaji mita 360 kwa saa, uwe na taa 1 au taa 10. Lakini kinachotia joto ni umeme unaotumika humo ndani, ukubwa wa chumba hauchangii kitu. Karibu kila wati inayoingia kwenye taa huishia kuwa joto, kwa kuwa hata mwanga wenyewe, ukishapiga majani, sakafu na kuta, hugeuka joto, na sehemu ambayo mimea huihifadhi kwa usanisinuru ni ndogo sana kiasi cha kupuuzwa katika hesabu hii. Una wati 960. Kanuni ninayoitumia mimi ni rahisi: zidisha wati kwa 3, kisha gawanya kwa idadi ya nyuzi unazokubali chumba kiizidi hewa inayoingia, na jibu ni mita za ujazo kwa saa. Hiyo 3 inatokana na uwezo wa hewa kubeba joto, kwamba mita moja ya ujazo ikipanda nyuzi 1 inachukua takriban theluthi moja ya wati kwa saa moja. Kwa nyuzi 5, wati 960 zinadai mita 576 kwa saa. Kwa nyuzi 10 zinadai 288 tu.

Sasa turudi kwenye mfuko wako. Lita 100 kwa sekunde 2 ni lita 50 kwa sekunde, yaani mita 180 kwa saa. Kipimo cha mfuko si cha kuapia, lakini ona jinsi kinavyolingana na vipimo vyako vingine. Mita 180 zikipanda nyuzi 10 zinabeba wati 600. Zimebaki 360. Zile lita 6 za maji, karibu zote zinatoka kupitia majani na udongo zikiwa mvuke, na kila lita inapogeuka mvuke hunyonya takriban uniti 0.68 za umeme kwa kipimo cha joto, kwa hiyo lita 6 zikigawanywa kwa saa 14 zinachukua kama wati 290. Wati 70 zilizosalia zinapenya kutani na mlangoni. Hesabu imefunga, na imefunga kwa mita 180, wala si kwa 500. Feni yako inafanya kazi kwa kiwango cha zaidi kidogo ya theluthi moja ya kile ulichokilipia.

Kwa nini? Namba iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa feni ikiwa haina bomba mbele wala nyuma, ikizunguka katika hewa huru. Ukiiunganisha na chochote kinachoipinga hewa, mtiririko hushuka, na feni nzuri huja na mchoro unaoonyesha hewa inavyopungua kadiri upinzani unavyoongezeka. Ukiupata mchoro huo katika karatasi iliyokuja na feni, usiitupe, kwa maana ndiyo habari pekee ya kuaminika kuhusu kifaa ulichonunua. Katika mfumo wako kuna vipingamizi vitatu vikubwa, na nitaanza na kilicho kibaya zaidi.

Bomba la milimita 100 lina eneo la sentimita 78 za mraba, na la milimita 150 lina 177. Ungetaka kupitisha mita 500 kwa saa katika lile jembamba, hewa ingelazimika kukimbia karibu mita 18 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya upepo unaotikisa miti mizima. Kwa kiasi kilekile cha hewa, upinzani wa bomba hupungua takriban kwa nguvu ya tano ya kipenyo: ukitoka milimita 100 kwenda 150, msuguano unashuka zaidi ya mara 7. Hakuna badiliko jingine katika mfumo wa hewa linalotoa faida kubwa namna hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo. Kile kiungio cha kupunguza kipenyo ulichokiona kama kifaa cha kuunganishia tu ndicho kilichoikaba feni koo.

Juu ya hilo, bomba linalokunjika lina mikunjo ndani yake, na hewa inajikwaa katika kila mkunjo. Likivutwa hadi linyooke linapinga hewa mara 2 hivi kuliko bomba laini la bati au plastiki, na likiachwa limelegea linapinga zaidi ya hapo. Kona nazo, ukizijumlisha, kila kona kali ya nyuzi 90 inagharimu sawa na mita kadhaa za bomba lililonyooka. Mimi mwenyewe, katika chumba changu cha kwanza, niliacha kama mita 3 za ziada zikiwa zimejikunja nyuma ya feni, kwa kuwa niliona uchungu kulikata bomba jipya, nikijiambia kwamba labda nitalihitaji siku ya kuhama. Nilipolikata hatimaye, mlio wa feni ulibadilika papo hapo, ukawa mzito na mpana badala ya ule wa kukoroma, na nikajua kwa sikio tu kwamba hewa imepata njia.

Kipingamizi cha pili ni mlango. Hukueleza, lakini nakisia kwamba feni ikiwa inazunguka mlango huo unakuwa mzito kuufungua kuelekea nje, na ukishaachia kidogo unasikia hewa ikifyonzwa. Jaribu uone. Feni haiwezi kutoa hewa ambayo haijaingia, na mwanya wa sentimita 1 chini ya mlango wa sentimita 80 ni sentimita 80 za mraba tu, karibu sawa na lile bomba lako jembamba. Umejenga mlango mwembamba wa kuingilia na mlango mwembamba wa kutokea, kisha unamlaumu mpagazi. Ni kweli kwamba chumba kinapaswa kufyonza kidogo, ili hewa iingie kupitia tundu ulilolichagua wewe na vumbi na wadudu wasipenye kila mahali, ila kufyonza kidogo ni kiasi cha kipande cha karatasi ya tishu kuinama kuelekea ndani unapokishika mbele ya tundu. Kikinyooka kwa nguvu na kutetemeka, tundu ni dogo.

Ndiyo sababu sikubaliani na muuzaji. Katika bomba lilelile, upinzani hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ukitaka hewa mara 2 unahitaji shinikizo mara 4. Feni mbili zikifuatana katika bomba moja zinajumlisha shinikizo, si hewa. Ungepata, pakubwa, ongezeko la asilimia 40, ungefika mita 250 hivi kwa saa, ukilipia umeme maradufu na kelele za kukunyima usingizi. Simtuhumu kwamba anakudanganya, maana ushauri huo ungefaa kwa mtu mwenye bomba la kipenyo sahihi ambalo halina budi kuwa refu. Wewe hauko katika hali hiyo.

Kipingamizi cha tatu si cha hewa tu, ni cha nyumba yako. Unapoishilizia bomba juu ya dari, zile lita 6 za kila siku huzitoi nje, bali unazimwaga juu ya mbao za paa, tofauti ikiwa kwamba unazimwaga katika umbo la mvuke usioonekana. Usiku bati au vigae vikipoa, mvuke huo unarudi kuwa maji, unalowesha mbao, unaota kuvu, na sehemu yake inashuka tena ndani kupitia nyufa za dari. Kati ya yote uliyoniandikia, hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, na ningekuomba uache kulifanya leo, kabla hata ya kufikiria saladi. Kwa siku chache za mpito ni afadhali uache mlango wazi na kupunguza taa ziwe 2.

Njia sahihi, kwa jinsi ulivyoeleza chumba, ni kutoboa ukuta unaopakana na nje, karibu na dari, kwa tundu la bomba la milimita 150, na kuning'iniza feni juu ndani ya chumba ili bomba zima lisizidi mita 3 na kona zisizidi 1. Ningechagua bomba gumu na laini kwa sehemu yote iliyonyooka, na kipande kifupi tu cha lile linalokunjika pale feni inapoungana nalo, kwa ajili ya kumeza mtetemo. Acha angalau nusu mita ya bomba lililonyooka kabla ya feni, kwa sababu hewa ikiingia kwenye mapanga ikiwa bado inajipinda kutoka konani, feni hupoteza nguvu na kuanza kuvuma. Hakikisha mshale ulio ubavuni mwa feni unaelekea nje, na usicheke, nimekwisha kuitwa mara mbili kutengeneza "feni mbovu" zilizofungwa kinyume. Viungio vikazwe kwa klampu na kuzungushiwa utepe wa alumini wa kunata. Ule wa kitambaa hukauka na kubanduka. Bomba liinamie nje kidogo, ili matone yatakayojitengeneza ndani yake yatiririke nje badala ya kurudi kwenye mota, na mdomo wa nje uwe na kifuniko cha mvua kinachojifunga feni ikizimwa, pamoja na wavu mpana wa kuzuia ndege na panya. Wavu wa mbu usiweke upande wa kutolea, kwa kuwa huziba kwa vumbi na hakuna atakayekumbuka kuupanda kuusafisha.

Tundu la kuingizia liwe chini, upande ulio mbali na feni, ili hewa ipite katikati ya mimea kabla ya kupanda na kutoka. Matundu mawili yakikaribiana, hewa hukatiza njia na kuiacha nusu ya chumba bila hewa inayopita. Kwa ukubwa, chukua angalau mara 3 ya eneo la bomba la kutolea, yaani kama sentimita 530 za mraba. Ukiweka wavu wa wadudu, nao naupendekeza upande huu, nyuzi zake zinakula nafasi kubwa, kwa hiyo fanya tundu la sentimita 30 kwa 40, uliweke kwenye mlango au ukuta wa korido, na uusafishe wavu kila wiki mbili.

Kwa mpangilio huo feni yako ileile nategemea itoe kama mita 400 kwa saa. Mimea ikiwa mikubwa na inavukiza kama sasa, chumba kitakaa nyuzi 4 hadi 5 juu ya korido, na ikiwa bado miche midogo isiyotoa mvuke mwingi, hadi nyuzi 7. Feni ya milimita 200 yenye bomba la kipenyo hicho ingekufikisha kwenye zile mita 576 kwa utulivu zaidi, na kama ungekuwa hujanunua chochote ningekuambia uanze nayo. Lakini tofauti utakayoipata ni ya nyuzi 1 au 2, na sioni kwamba inastahili gharama ya feni mpya.

Hata hivyo, fanya hesabu hadi mwisho. Korido nyuzi 25, ongeza 5, unapata 30. Mrehani utafurahi na pilipili hazitalalamika, lakini saladi katika nyuzi 30 huwa chungu na kukimbilia kutoa maua. Hiyo ndiyo ile sehemu ya tatizo niliyosema feni haiwezi kuitatua. Kuna jambo moja linaloweza, nalo halina gharama yoyote, ila kwanza nikueleze kinachotokea usiku, kwa kuwa mambo hayo mawili yanakutana.

Kiasi cha mvuke ambacho hewa inaweza kubeba hutegemea joto lake. Hewa ya nyuzi 35 inaweza kubeba karibu gramu 40 za maji katika kila mita ya ujazo, na ya nyuzi 20 inabeba gramu 17 tu. Tuseme mchana kipima unyevu chako kinasoma asilimia 45, unaona hewa ni kavu na unaridhika. Asilimia 45 ya gramu 40 ni gramu 18. Taa zinazimika, feni nayo inazimika, mlango umezibwa, chumba kinapoa kuelekea nyuzi 20, na hewa ileile uliyoiona kavu sasa ina maji mengi kuliko uwezo wake, kabla hujahesabu mvuke unaoendelea kutoka kwenye udongo uliolowa. Ziada inatua kwenye kitu chenye baridi zaidi: ukuta wa nje na majani. Ukungu wa kijivu hauhitaji zaidi ya jani lililolowa kwa saa kadhaa mahali pasipo na upepo. Kwa hiyo kuzima feni pamoja na taa, jambo linaloonekana kuwa la kubana matumizi, ndilo lililokuletea ugonjwa. Feni izunguke usiku na mchana, ikipunguzwa kasi wakati wa giza, au iunganishwe na kidhibiti cha unyevu kinachoiongeza kasi hewa inapovuka asilimia 65 hivi. Majani yaliyokwisha kuota ukungu yaondoe chumbani ndani ya mfuko uliofungwa, na unyweshe mwanzoni mwa kipindi cha mwanga badala ya mwishoni.

Sasa jambo lenyewe: hamisha mchana wako. Washa taa saa 1 usiku, uzizime saa 3 asubuhi. Ni saa 14 zilezile, na mimea haina saa ya ukutani. Hewa ya usiku inayoingia ikiwa na nyuzi 19 hadi 21, chumba kitakaa kati ya 23 na 26 badala ya 30, na saladi itaishi. Zaidi ya hayo, hewa ya usiku ambayo ni ya baridi na yenye unyevu itapashwa na taa na kuwa kavu kwa mimea, huku kipindi cha giza kikiangukia saa za mchana ambazo hewa inayoingia ina joto na nafasi ya kubeba mvuke. Umetibu joto na umande kwa kuzungusha kisaa cha taa. Ubaya wake ni mmoja, kwamba feni itakuwa kwenye kasi kubwa wakati watu wamelala, na nitaligusa hilo hapa chini.

Kuhusu kiyoyozi, kinafaa kwa mtu anayehitaji nyuzi 22 katikati ya siku ya joto, lakini ukikiwasha huku feni ikitoa mita 400 za hewa kila saa, unapooza mtaa mzima. Kiyoyozi kinadai chumba kifungwe, na chumba kikifungwa unakuwa na deni jingine: hewa ya ukaa, ambayo nje iko kama sehemu 420 katika kila milioni, hupungua haraka mimea ikiitumia chini ya mwanga, na ukuaji unadorora bila dalili ya kuonekana. Mashine ya kukausha hewa nayo inarudisha chumbani joto la umeme inaoutumia pamoja na joto la mvuke inaougeuza kuwa maji. Kwa shamba la ukubwa wako sioni sababu ya kimojawapo. Kichujio cha mkaa ambacho wauzaji hupenda kukiunganisha kwenye seti kinaondoa harufu tu, kinapinga hewa, na saladi haina harufu ya kuondolewa.

Unahitaji pia feni ndogo ya kawaida inayozunguka shingo, ambayo kazi yake si kutoa hewa bali kuondoa lile tabaka jembamba la hewa tulivu na yenye unyevu linaloganda juu ya jani. Iweke ipulize juu ya mimea. Majani yatikisike kidogo. Yakilala upande mmoja umezidisha.

Kelele hupungua kwa kuining'iniza feni kwa mikanda ya mpira badala ya kuikaza ukutani, na kwa kuiendesha chini ya kasi yake ya juu. Feni za kisasa zenye mota inayodhibitiwa kielektroniki, zikipunguzwa hadi asilimia 80 ya kasi, hutumia karibu nusu tu ya umeme, na hewa inapungua kwa moja ya tano. Usitumie swichi ya kupunguza mwanga wa taa kwa feni ya mota ya kawaida, kwa sababu mota itavuma, itapata joto na inaweza kuungua. Nunua kidhibiti kilichotengenezwa kwa ajili ya aina hiyo ya mota.

Yapo mambo ambayo nisingependa uyafanye kwa kusoma jibu hili peke yake. Kabla ya kutoboa ukuta, mwite fundi ujenzi auangalie, ahakikishe hakuna nguzo, mkanda wa zege, waya wala bomba la maji hapo. Na ikiwa dari au paa ni la zile karatasi za zamani zenye asbesto, usitoboe, usikate wala usipige msasa, mwachie mwenye vifaa na mafunzo ya kazi hiyo. Fundi umeme akague laini ya chumba: wati 960 na feni juu yake si mzigo mkubwa kwa laini nzuri, lakini ni mkubwa kwa waya wa kurefusha uliofungwa kama kamba na kuachwa chini ya meza yenye maji, na soketi zote za chumba hicho zilindwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja kuzidi miliampea 30. Mwambie pia apande juu ya dari kuangalia nyaya zilizokuwa zikipata mvuke, na kama mbao zimekuwa nyeusi au zinabonyea kwa kidole, hiyo ni kazi ya fundi paa.

La mwisho ni zito. Feni hii itakuwa ikivuta hewa kutoka ndani ya nyumba yako. Ikiwa nyumba ina hita ya maji ya gesi, jiko la kuni au kifaa chochote kinachotoa moshi kupitia bomba la kwenda nje, feni yenye nguvu inaweza kuurudisha moshi huo ndani, pamoja na monoksidi ya kaboni ambayo haina harufu wala rangi na huua watu wakiwa usingizini. Katika hali hiyo tundu la kuingizia lisiwe koridoni, litokee nje moja kwa moja, na usiiache feni izunguke usiku hata mmoja kabla ya fundi wa gesi kupima mvuto wa bomba la moshi feni ikiwa kwenye kasi ya juu. Funga pia king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala.

Ukishamaliza, rudia kipimo cha mfuko kwenye mdomo wa nje. Kwa mita 400 kwa saa, mfuko wa lita 100 utajaa kabla hujamaliza kutamka "moja", kwa hiyo utafute wa lita 200 au zaidi na umwombe mtu akurekodi kwa simu, kisha mhesabu sekunde kwenye picha.